Kilonzo na Mpini Usioyeyuka

Kilonzo alikuwa fundi wa kuchonga mipini ya sufuria na pasi, na kibanda chake pale karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, hakikukosa kazi. Hadi siku ile Wehliye, mwenye duka aliyenunua mipini yake mingi, alipomwekea mezani mpini mweusi unaong'aa.

"Hii ni bakelaiti, plastiki ngumu. Haishiki moto, haiozi kwa maji. Mipini ya mbao sichukui tena."

Kilonzo aliupeleka mpini ule nyumbani kwake mtaani Kaloleni, akauvunja na kutia vipande katika kopo jikoni, akitumaini vitayeyuka kama ndoo ya plastiki ajifinyangie mipini yake. Wapi! Vilifuka moshi mkali, vikageuka makaa.

"Baba Nzomo, utatuua!" mkewe Mbeti alikohoa. "Si ukawaulize wanaovitengeneza?"

Akaenda Industrial Area, mtaa wa viwanda. Bawabu wa kiwanda cha mipini ile akamfukuza, akarudi. Akafukuzwa tena, akarudi tena, mpaka msimamizi wa mashine, Masinde, akatoka kumtazama.

"Unataka nini, mzee?"

"Nataka kujua hiki kilichoninyang'anya kazi kimetoka wapi."

Masinde akacheka, akamwingiza ndani, akamwonyesha unga wa kahawia. "Mbelgiji mmoja aliyehamia Marekani ndiye aliyevumbua, kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Alipika dawa itokanayo na lami ya makaa ya mawe pamoja na formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Sisi tunaongeza unga wa mbao, tunaugandamiza katika kalibu ya moto. Ukishaiva ni kama yai la kuchemsha, haurudi kuwa ute."

"Mbao zimo humu?"

"Karibu nusu."

Kilonzo aliuchota unga ule, akaunusa kwa muda. Kisha akashika mpini uliotoka mashineni. "Unateleza. Mwenye kumimina uji ataungua."

"Kweli, wateja wanalalamika. Fundi wetu huchonga kalibu kwa kuiga mfano wa mbao, ila hatuna wa kutuchongea mfano huo."

"Mnaye sasa."

Mfano wake wa kwanza ulikataliwa: ulikuwa mnene, na bakelaiti nene hupasuka. Wa pili vilevile. Vidole vikamtoka malengelenge, lakini akaendelea, Masinde akimwelekeza, naye akiipunguza mbao kidogo kidogo, hadi kalibu ikachongwa kwa mfano wake.

Kiwanda kikamwajiri. Siku ya kukifunga kibanda alichukua patasi zake, akaufunga mlango, akaenda kazini kiwandani.