Dakika Kumi na Mbili za Mzee Hallgren

Mzee Sixten Hallgren hakuwa na siri. Maisha yake yote aliyasema kwenye televisheni. Kwao Uswidi alichambua siasa miaka ishirini, kila Jumapili, mawaziri wakimwogopa kuliko daktari wa meno. Alipochoka kusema akaamua kutenda: akafungua kampuni ya kutunza wazee, na huko ndiko alikobuni mpango wake wa dakika. Kuogesha, kumi na mbili. Kulisha, tisa. Kubadilisha nepi, sita. Mpango ukauzika mpaka Marekani, naye akahamia Minnesota kuusimamia, akatajirika, akazeeka. Sasa alikuwa amelala chumba namba kumi na nne, katika nyumba ya wazee huko Saint Louis Park, akitunzwa kwa dakika alizobuni mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini Nkirote aliyemwogesha kila asubuhi hakuona la kuchekesha.

Simu ya kazi ilining'inia kiunoni mwake ikihesabu. Dakika zikiisha, inalia. Ukipitiliza, inaandika.

"Nakuomba jambo moja," mzee alimwambia siku moja kwa Kiingereza chake cha kuvuta, povu la sabuni likiwa bado shingoni. "Siku yangu ikifika, keti hapo. Usiniache peke yangu."

"Nitaketi, mzee."

Hakusema hivyo kwa adabu tu. Kwao Nkubu, kule Meru, mtu anayekata roho haachwi. Hata jirani mliyegombania naye mpaka wa shamba utamshika mkono. Lakini aliipekua orodha ya simu ile toka juu mpaka chini: kugeuza, kufuta, kuvisha, kulisha. Kuketi hakukuwamo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, theluji ikianguka nje. Pumzi zilikuwa zikija moja moja. Nkirote alizijua pumzi hizo tangu kifo cha babake. Akavuta kiti, akaushika mkono wa mzee, na mzee akaufinya wake. Simu ikalia. Akaifunika kwa sweta. Zikapita dakika tatu, sita, tisa, na hapo kengele ya chumba cha jirani ikaanza. Alikuwa Valentina, bibi wa miaka tisini, anataka msalani. Juma lililopita alingoja mpaka akachoka, akajaribu kwenda mwenyewe, akaanguka na kuvunjika mkono. Zamu nzima walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa bafuni na mgonjwa mwingine.

Kengele haikunyamaza.

"Narudi, mzee. Sasa hivi."

Mzee akakaza vidole. Ilibidi Nkirote avibandue kimoja kimoja.

Aliporudi, mdomo wa mzee ulikuwa wazi, na macho yake yalikuwa yamekitazama kiti.

Siku ya tatu msimamizi wao, Duncan, Mkenya mwenzake kutoka Bungoma, alimwita ofisini huku akiona haya kumtazama.

"Dada, pole sana. Lakini system ime-flag dakika tisa. Si mimi, unajua. Una-watch hii video, una-answer maswali, halafu unarudi kazini. Uki-fail, wata-ku-fire."

Nkirote aliwafikiria watoto wake wawili nyumbani huko New Hope, akabonyeza.

Mzee Hallgren akatokea kwenye video, mzima, nywele za dhahabu, tai nyekundu, sauti ile ya Jumapili. "Usiketi," alisema. "Anayeketi na mmoja amewasahau kumi wanaongoja." Kisha akatabasamu tabasamu la mtu ambaye hajawahi kungoja chochote. Nkirote akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Duncan akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Swali likaja: mgonjwa anakuomba uketi naye, utafanya nini? Majibu yalikuwa matatu, na hakuna aliyehitaji kumwonyesha lililo sahihi. Alijifuta machozi kwa kiganja, akachagua kuondoka.

Kioo kikawa kijani, na mzee Hallgren akampigia makofi.