Dede Korkor, Jumatano Saa Tisa

"Sasa nikuulize wewe," Mwalimu Nunoo alisema kwenye simu, "maana wewe peke yako ndiye niliyekuambia. Jumamosi mke wangu anatoka nyumbani saa ngapi?"

Kai alikuwa ameketi juu ya gunia ndani ya stoo ya mahindi ya mama yake, simu ya kampuni sikioni, mtoto mgongoni. Tangu corona iifunge Accra, stoo hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake. Magunia yalimeza mwangwi, na mtu wa upande wa pili hakuweza kujua kwamba nyuma ya ukuta ule kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, ilikuwa inatokota katika sufuria kubwa la kutosha kuogea watoto wawili.

"Saa mbili asubuhi," Kai akasema. "Anakwenda sokoni."

"Ahsante. Na ujumbe umeingia saa mbili na dakika tano. Umeniita kwa jina. Unasema nimekumbukwa, nimewekewa cedi hamsini za bure za kuanzia. Binti yangu, mimi nafundisha hesabu. Sadfa naijua, na hii siyo."

Kai alimweleza kwamba akaunti yake ya kubeti imefungwa, yeye Kai ndiye aliyeifunga kwa mkono wake, miezi sita, haifunguki hata aombe kwa machozi. Mwalimu akasema ni kweli, kwenu kumefungwa. Ujumbe huu umetoka kwa jina jingine, mtandao ambao hajawahi kuukanyaga. Halafu akashusha sauti. Hakuubonyeza, alisema. Simu aliifukia ndani ya debe la unga wa muhogo, akakaa akilitazama lile debe mpaka mkewe aliporudi.

"Lakini Jumamosi hazijaisha," akasema, akakata.

Kai alibaki na simu mkononi. Alimfahamu mzee huyu kwa sauti tu, lakini alimfahamu. Shule yake ya binafsi ilifungwa Machi na mshahara ukafungwa nayo. Ligi za dunia nzima zikasimama, ikabaki ya Belarus, na mtu aliyeshabikia timu ya Hearts of Oak tangu utotoni akajikuta anajua majina ya magolikipa wa Belarus. Baada ya hapo ikaja tenisi ya mezani, wanaume wawili chumbani, haijulikani nchi gani, mechi kila robo saa. Mpira wa kawaida uliporudi, yeye alikuwa hatoki tena huko. Mabati ya nyumba aliyokuwa akiijenga Prampram yalikwenda hivyo, mkeka mmoja wa kubeti baada ya mwingine.

Walikuwa wengi wa namna yake mwaka ule, watu wazima waliofungiwa ndani na simu. Magazeti yakapiga kelele, na ofisi ya serikali inayosimamia michezo ya kubahatisha ikatoa agizo: kila kampuni imtafute anayecheza kupita kiasi, imsikilize, na anayeomba kufungiwa afungiwe, asitongozwe tena. Kampuni ikaajiri wasichana wanane. Kai, aliyekuwa ametoka kumaliza masomo yake ya jioni huku tumbo likimtangulia darasani, alikuwa mmoja wao.

Aliipenda kazi ile, na hakuona aibu kusema hivyo. Alijua kunyamaza. Alimwacha mtu ajikune mpaka apafikie penyewe. Kisha alijaza fomu: jina, namba, sababu. Mwezi Juni Bwana Boadu, msimamizi wao, aliongeza kisanduku cha nne, saa ya hatari, yaani saa ambayo mtu huyo anashikwa zaidi na hamu. Ili tujue tusimsumbue wakati huo, alieleza. Kai alikuwa hodari wa kisanduku hicho kuliko wenzake wote. Kila Ijumaa alipeleka orodha yake, na kila Ijumaa Bwana Boadu alimrudishia ujumbe wa sauti: "Dada Kai, una mkono wa dhahabu."

Sasa neno dhahabu lilianza kumkwaruza.

Alimwuliza Bwana Boadu. Hakumtaja Mwalimu, aliuliza juu juu tu, hizi orodha zetu zinakwenda wapi. Jibu lilichelewa siku nzima, na Bwana Boadu si mtu wa kuchelewa. "Dada Kai," sauti yake ilikuwa na tabasamu, "kazi yako ni kupiga simu. Ya chini ya boneti tuachie sisi."

Alisikiliza ujumbe huo mara nne. Akaanza kuona vitu. Kisanduku cha sababu ungeweza kukiacha kitupu na fomu ikapita. Cha saa hakikukubali bila saa na dakika. Akampigia fundi friji mmoja wa Ashaiman aliyemfungia mwezi uliopita, akijifanya anamjulia hali. Fundi akasema yu mzima, ila kuna watu wapya wanamtumia ofa kila siku mara tu anapofungua chakula cha mchana. "Kama wananichungulia dirishani," akacheka. Kai hakucheka. Saa sita na nusu, aliikumbuka. Aliiandika mwenyewe.

Jioni hiyo alimkuta mama yake anafunga kenkey kwenye maganda ya mahindi, akaketi kumsaidia. Mtoto alilala kwenye beseni la maganda, hana habari. Kai aliomba ile simu ya zamani ya mama, kitochi kilichokaa kabatini tangu Krismasi na laini yake ndani. Namba ile hakuna aliyekuwa akiipigia tena.

"Ya nini?"

Kai akamweleza kila kitu. Alitaka kuweka mtu mmoja wa uongo katika orodha ya Ijumaa, mtu asiyekuwepo duniani, mwenye namba ya kitochi na saa yake ya hatari. Kama ujumbe utakuja kwa jina hilo na saa hiyo, basi umetoka kwenye orodha yake na si kwingine.

"Na anaitwa nani huyo mtu wako?"

"Dede Korkor."

Mama yake aliweka chini donge la unga. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza. "Kwetu Waga, Dede ni binti wa kwanza. Korkor ni wa pili. Huyu kazaliwa mara ngapi?"

"Ndiyo maana. Hakuna Mga yeyote anayeitwa hivyo."

"Na huko ofisini hawataona?"

"Bwana Boadu ni mtu wa Kumasi, si Mga. Halafu, Mama, nadhani majina hawasomi. Wanasoma saa."

Mama akarudi kwenye kufunga. Vidole vyake vilikunja ganda, vikazungusha, vikachomeka ncha ndani, bila macho kuhusika. Kenkey ilikuwa inauzika nusu ya zamani. Mume wa Kai, dereva wa lori, alikuwa Paga mpakani siku ya kumi na mbili, akisubiri kupimwa. Mshahara wa stoo ndio uliokuwa unanunua mahindi.

"Ukishawakamata," mama alisema, "utawafanya nini? Utawapigia simu uwasikilize?"

Kai alichukua ganda jingine la mahindi. Ijumaa aliandika: Dede Korkor, mshonaji, hucheza kwa upweke. Jumatano, saa tisa alasiri.

*

Jumatano kitochi kililala juu ya gunia. Saa nane na nusu Kai alimnyonyesha mtoto. Saa tisa kasoro kumi alijiambia kwamba yeye ni mwanamke mwenye mawazo mabaya, na akaomba iwe hivyo. Aliomba kwa dhati, macho yamefumbwa.

Saa tisa na dakika mbili kitochi kilitetemeka, kikasogea kidogo juu ya gunia kama mdudu aliyelalia mgongo.

Dede Korkor mpenzi, upweke haufai. Tumekuwekea cedi 50 bure. Leo tu.

Alilisoma neno upweke. Hata hilo walikuwa wamelichukua.

Orodha ya Ijumaa iliyofuata ilikuwa na watu kumi na mmoja, na Kai alikaa mbele yake asubuhi nzima. Asipoipeleka, kazi hana. Akiipeleka, anawaelekeza akina Boadu mlango wa kila mtu. Mwishowe aliipeleka, lakini kisanduku cha nne alikijaza vingine: wote kumi na mmoja, saa kumi na moja alfajiri, wakati mtu ana usingizi mzito na simu iko mbali.

Ujumbe wa Bwana Boadu haukuwa na dhahabu safari hii. "Dada Kai, wiki hii wateja wako wote ni watu wa alfajiri? Wamekuwa waokaji mikate?" Ikasikika pumzi, kisha: "Wasichana wanaotaka kazi ni wengi, unajua. Wengine hawana hata watoto wa kulia kwenye simu."

Mtoto wake hakuwahi kulia kwenye simu. Alikuwa na hakika. Basi alijuaje kuna mtoto? Kai alitazama kuta za stoo, magunia, tundu la panya, simu ya kampuni iliyolala kifudifudi. Akaitoa nje akaiweka juani, halafu akajiona mjinga, akairudisha.

Jumamosi saa mbili na robo ulikuja ujumbe wa Mwalimu Nunoo, umeandikwa vizuri, na vituo vyote mahali pake. Leo nimekwenda naye sokoni. Nimembebea kikapu. Ameniuliza kama ninaumwa. Chini yake mstari mmoja zaidi: Jumamosi baada ya hii ijayo anakwenda mazishini Keta bila mimi.

Kai aliusoma mpaka mtoto akamvuta sikio.

Jumatano ya pili kitochi kilitetemeka tena, saa tisa na dakika mbili. Jumatano ya tatu hakungoja nyumbani.

*

Mlangoni mwa ile ofisi ya serikali palikuwa na ndoo ya Veronika ya kunawia mikono, bomba lake likidondosha tone baada ya tone, sabuni imekatwa nusu ili isiibwe. Alinawa, akanawa na mikono ya mtoto. Mlinzi, mzee mwembamba aliyevaa barakoa chini ya pua, alimsukumia daftari. Kila mgeni aandike jina, namba ya simu na saa ya kuingia, kwa ajili ya corona.

Jina, namba, saa. Kai aliitazama ile mistari mitatu. Wageni wa asubuhi wote walikuwa pale wazi, yeyote angeweza kupiga picha ukurasa. Kalamu ilikaa hewani. Halafu mkono ukaandika kabla yeye hajaamua: Dede Korkor, na namba ya kitochi.

Mlinzi aligeuza daftari, akasoma, akalisogeza mbali na macho, akasoma tena.

"Dada," akasema kwa Kiga, "chagua moja. Au mama yako alisahau akaanza kuhesabu upya?"

Kai alimkodolea macho. Wiki tatu jina lile lilikuwa limepita mikononi mwa watu wenye ofisi na kompyuta, na hakuna aliyeuliza. Akacheka, kwa shida. Akaomba kalamu, akakata lile jina kwa mstari mmoja, akaandika: Kai Sowah. Namba yake mwenyewe.

"Kai, binti wa tatu," mlinzi akasema, akiridhika. "Sasa hesabu imekaa sawa."

Juu, karani alimwuliza amekuja kulalamikia kampuni gani. Kai alitaja. Karani akaingia ndani, mlango ukafungwa, na kupitia mlango ule Kai alisikia sauti ya mwanamke ikiongea kwenye simu, kwa muda, chini chini. Kisha akaitwa.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefifishwa na pumzi ya barakoa. Alisikiliza bila kumkatiza. Nyuma yake ukutani ilining'inia kalenda, na chini ya picha ya mwezi Kai aliona alama anayoijua, ile filimbi ya dhahabu inayotokea juu ya fomu zake kila siku.

Afisa alifuata macho yake mpaka kwenye kalenda. "Wanampelekea kila mtu," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Hizo meseji mbili nimeziona. Nikiwauliza watasema huo mtandao mwingine si wao. Kwenye karatasi ni kampuni mbili. Watasema umejitumia mwenyewe, una kisasi, unataka kuacha kazi. Mimi nitawajibu nini?"

Kai alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. Alifikiria ile simu iliyokuwa ikizungumzwa nyuma ya mlango. Inawezekana ilikuwa ya nyumbani, mtoto na homework, mchuzi usiungue. Inawezekana ilikuwa ya kuwaonya watu wa kampuni.

"Madam, ni saa ngapi hapo kwako?"

Afisa aligeuza kichwa kutazama saa ya ukutani. "Tisa kasoro dakika tatu."

Kai alitoa kitochi kwenye mkoba, akakiweka katikati ya meza, juu ya kioo, kati ya chupa ya kutakasia mikono na mhuri. Kidole kimoja alikiacha ukingoni mwa kile kitochi. Kikitetemeka, kitatetemeka mbele ya macho mawili yasiyo yake. Kikinyamaza leo, baada ya Jumatano mbili, hapo napo atakuwa amejua jambo, na itambidi aondoke nalo taratibu, kwa adabu, ashuke ngazi, amtafute mtu mwingine kabla ya Jumamosi.

"Tungoje kidogo," akasema.

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya barakoa, akairudisha. Chini, kwa mbali, bomba la ndoo lilikuwa bado linadondosha. Wanawake wawili waliinama juu ya meza, na mtoto naye, begani kwa mama yake, akanyoosha shingo kutazama kile wanachokitazama.