Kadi Namba Arobaini na Moja

Siku niliyotimiza miaka sitini nilivaa gauni langu la kutokea, nikaenda ofisi ya mfuko wa pensheni kudai changu. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kisha akanipa hadi mwisho wa mwezi nilipe au nihame. Sikugombana naye. Nilijua nina mafao yangu.

Mimi ni dobi. Kwa miaka ishirini na tano nimefua mashuka ya hospitali katika kampuni moja, mpaka ilipofungwa mwaka juzi, bei ya umeme na sabuni ilipowashinda. Mikono imebabuka hadi leo. Kazi yenyewe niliachiwa na dada yangu mkubwa alipoolewa. Msimamizi hakutaka usumbufu wa kuandikisha mtu mpya, akasema, "Shika kadi ya dada yako, ingia kazini." Wengi tuliingia hivyo. Mtu akiondoka, anayekuja anarithi kadi, aproni na namba. Mimi nikawa Arobaini na Moja, na makato yangu ya pensheni yakawa yanaingia kwenye kadi hiyohiyo. Mshahara tuliupokea dirishani kwa kuitwa namba, na ukiitika unapewa, nani ana haja na jina?

Karani alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu. Aliingiza namba ya kadi, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, haya mafao yalishalipwa."

"Kalipwa nani?"

"Mwenyewe. Mwaka jana. Alikuja na kitambulisho, akaweka na dole gumba."

"Binti, mwenyewe ni mimi! Mimi hapa!"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Picha ilikuwa ya dada yangu, amefunga kilemba nilichomnunulia mimi.

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mlinzi akaja kuona kuna nini. Kisha nikaikumbuka nyumba.

Mwaka jana huohuo dada alijenga. Vyumba vitatu mbele, kimoja nyuma, vigae chini, geti la chuma. Alisema mwanawe amemtumia hela. Nikamshonea mapazia ya nyumba nzima bila kumtoza hata senti. Siku ya kuhamia nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Mjinga mimi, nilikuwa nashangilia jasho langu!

Sijui nilifikaje kwake. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Aliponiona uso tu, akaweka ungo chini.

"Umetoka kule," akasema.

"Kumbe ulijua, dada?"

"Nilikwenda kudai miaka yangu minne. Minne tu, naapa. Wakaniambia ni ishirini na tisa. Nikataka kuwaambia wamekosea, mdogo wangu. Halafu nikaona zile tarakimu."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nilitaka kupiga kelele majirani wajae. Lakini huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa anaumwa. Huyu ndiye aliyenipa kazi. Mtu mwingine angeniibia ningejua la kufanya.

Akaingia ndani huku anajifuta machozi kwa pindo la kanga, akarudi na ufunguo mdogo, mpya kabisa.

"Chumba cha nyuma nilikujengea wewe. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia. Hamia hata leo. Karibu."

Karibu! Nilipigwa na butwaa mara ya pili siku hiyohiyo. Mwaka mzima amenitazama nikihangaika na kodi, nikifulia watu nguo mlango kwa mlango, na ufunguo umo kabatini mwake. Niliupokea. Nikaugeuzageuza, nikamrudishia kiganjani na kumfunga vidole.

"Huu kaa nao," nikamwambia. "Nipe wa geti na wa mlango wa mbele. Miaka minne ni yako, dada, sikudhulumu. Chumba cha nyuma kinakutosha."

Akanitazama akidhani natania. Nikaingia ndani, nikaweka mkoba wangu juu ya kiti, nikakaa chini ya mapazia yangu kumsubiri ahamishe vitu.