Sukari ya Wapangaji

Kwetu Rugenge mwanamke akizaa, wageni huja na sabuni na sukari. Mjukuu wangu alikuwa na wiki tatu tu, na chini ya kitanda cha mama yake, mkwe wangu Noella, kulikuwa na kilo kumi na mbili za sukari. Shida yangu yote ilitoka hapo.

Asubuhi ile wanawake walirudi kutoka kumpima mtoto zahanati. Mke wangu Domitille aliingia amefura.

"Baba Michée! Mwuguzi Sabine anasema mu maziwa ya Noella muko sukari ingine mutoto hasagi hata kidogo! Iko ya vijidudu vya tumbo. Yaani mutoto analia njaa, wapangaji wanakula!"

Akachota maji ya robinet pale bombani, akajaza biberon, chupa ya mtoto, akapasua pakiti ya sukari.

Niliruka. Wiki ile ile kipindupindu kilikuwa kimelaza watoto wawili wa mtaa wetu. Na jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma, maana tangu nistaafu nasoma kila karatasi, hata ya kufungia maandazi. Nikamweleza: wapangaji hao ndio walinzi wa mtoto. Wanakula sukari ile ya mama, wanajaa tumboni, na wadudu wabaya wakifika wanakosa pa kukaa. Ya dukani si jamaa yake; hata kule chini walipo haifiki.

"Umeyatoa wapi?"

"Nimesoma!"

"Kama ulivyosoma ya kiboko aliyelipa tiketi kwenye boti ya Kalemie?"

Ile nakubali, niliongeza chumvi. Kiboko alipanda bure.

"Mama Michée, leo nasema kweli!"

"Hata siku ile ulisema hivyo."

Jamani! Miaka arobaini niliwadanganya watu bandarini Kalundu, na wakaniamini. Siku moja nasema kweli, tena juu ya uhai wa mjukuu wangu, mwanamke anakoroga! Nikanyakua biberon, naye akainyakua. Nikaeleza upya, mara ya nne. Anakoroga tu.

Noella, mtoto mapajani, akasema polepole: "Mama, weye unaharibu sukari."

Kijiko kikasimama. "Namna gani?"

"Ukimupa mutoto, inapita bure. Tia mu bouillie, mu uji wangu, nikunywe miye. Nitamuteremushia mu maziwa, yeye na wapangaji wake."

Domitille akafikiri. "Kila siku?"

"Kila siku. Lakini mutoto asionje hata tone la maji. Itavuruga yote."

Nikafungua mdomo. Si hivyo hata kidogo! Sukari ile mwili wa mama huitengeneza wenyewe, haisubiri kilo za wageni!

Noella akanikazia macho. "Papa, ulitaka kusema?"

"Hapana, mwanangu."

Biberon ikamwagwa uani. Domitille akaenda kuwasha makaa, anaimba, na mtoto akakamata titi. Nami nikakaa pale, kweli yote imenijaa mdomoni kama kisamaki cha ndagala cha moto, kumeza siwezi, kutema siwezi.