Namba ya Marehemu Mama

Mimi ni mbishi, na dukani nilianza kwa ubishi.

"Namba ya simu, dada?" aliuliza msichana wa kaunta.

"Uzi wa cherehani unataka simu ya nini?"

"Ni ya pointi za zawadi tu. Mashine haiendelei bila namba."

Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Yangu nisingeitoa kamwe. Nilikuwa nimemtoroka mume wangu, nikiwa na binti yetu wa miaka sita, na aliyejua tulikopanga ni mwenye nyumba peke yake. Nikataja namba ya marehemu mama, maana ndiyo pekee niliyoishika kichwani. Mume wangu alikuwa akinicheka kwa hilo. Laini yenyewe ilishafungwa. Nikajiona mjanja kweli.

"Jina?"

"Andika Mama."

Basi kila Jumamosi asubuhi risiti ikatoka na maneno yaleyale: Karibu tena, Mama. Binti akaniuliza kama bibi naye huja dukani. Nikamwambia ndiyo, na nikaanza kumsikia nyuma yetu kati ya rafu, akiburuta kandambili zake. Sikuogopa. Nilikuwa nimemkumbuka, ingawa tulikuwa na letu. Kila nilipokimbia kipigo nikajificha kwa ndugu, mume wangu alimpigia yeye, naye akamweleza nilipo. "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu," alinambia. Siku ya maziko nilimsamehe.

Jumamosi hii msichana aliikodolea macho skrini.

"Dada, jana mliomba orodha ya manunuzi kule tawi letu la stendi?"

"Nani aliomba?"

"Aliitaja namba hii, wakamchapishia. Hapa wameandika 'mume'."

Nikamwomba anisomee alichopewa. Akasoma bila wasiwasi: uzi mweusi, vifungo, soksi za shule za mtoto. Tawi hili. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika nne.

"Kuna mlango wa nyuma?" nikauliza.

"Wa wafanyakazi tu, dada."

Binti akanivuta gauni. Alikuwa akitabasamu, anapunga mkono kuelekea mlangoni.

"Mama, baba yule!"

Kandambili zilikuwa zimenyamaza. Mama alikuwa amemwambia tena.