Hodi Uwanjani

Jumamosi asubuhi, wageni wa kwanza walipoanza kufuata mishale, Eufrazia alikuwa ameketi kizingitini akichambua kisamvu. Mishale ilichorwa kwa chokaa tangu kiwanda cha zamani cha sufi, kando ya Mto Kizinga pale Mtoni, kilipotaifishwa na kukarabatiwa ili wananchi wakione kuwa ni mali yao. Hapakuwa na mtu wa kuwaongoza. Mtu aliingia langoni, akafuata mshale, akafika kwenye ubao, akasoma mwenyewe. Ubao wa kwanza ulieleza dohani, mnara wa kutolea moshi, jinsi ilivyojengwa nene chini na nyembamba juu. Wa pili ulieleza ghala lenye paa la meno kama msumeno, linaloingiza mwanga bila kuingiza jua. Wa tatu ulihusu matao ya matofali mekundu ya jumba la mashine, na wa nne gati la mtoni. Ubao wa tano ulisema: Uwanja wa mapumziko. Keti, utazame mto.

Nyumba ya Eufrazia ilikuwa kwenye uwanja huo.

Ilikwisha kubomolewa, pamoja na nyumba nyingine zote za wafanyakazi. Dereva wa tingatinga alikuwa kijana mpole. Alizima mashine, akasaidiana na Eufrazia kumtoa mumewe, Albano, na kitanda chake, akamtundikia kanga ya kivuli, ndipo akarudi kusukuma kuta. Kufika adhuhuri ukingo wote wa mto ulikuwa tambarare. Jioni Eufrazia alirudi kuokota sufuria, akakuta mlango pale pale ulipokuwa. Akaingia. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake, hata mwiko. Albano akarudishwa ndani na kitanda chake. Ukiwa nje huoni kitu ila ardhi tupu, na baadaye nyasi zilizopandwa, na moshi wa jiko uliochomoza hewani kimo cha mtu. Majirani nao walipapasa mahali pa nyumba zao mpaka giza likaingia. Zao zilikuwa zimekwenda kabisa.

Wageni waliokatiza uwanja waligonga vipaji vya nyuso ukutani. Kwa hiyo mlinzi, Gozbert, Mhaya mrefu mwenye koti la kijeshi, alihamisha stuli yake akaiweka hapo.

"Pigeni hodi kwanza, ndugu zangu," aliwaambia. "Humu mna watu."

Walipiga hodi, wakaitikiwa karibu, wakavua viatu, wakaingia. Walikunywa maji ya mtungi. Waliutazama mto kupitia dirishani, maana ubao uliwataka wautazame, kisha wakashukuru na kutokea mlango wa uani, ambako mshale uliendelea. Wengine walisifu kwamba nyumba ina ubaridi mzuri.

Albano aliwaitikia salamu akiwa kitandani. Alikuwa amefanya kazi ya kuchambua sufi tangu enzi za mwenye kiwanda wa kwanza, na sufi ilikuwa imemjaa kifuani. Kila alipokohoa, sufi nyeupe nyepesi ilimtoka kinywani, ikaelea. Eufrazia aliidaka kabla haijaangukia kwenye vyombo. Alikwisha jaza foronya nzima na kuanza nyingine.

Ofisi iliyosimamia kiwanda ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye nyumba atapewa kiwanja Tandika, na asiye na nyumba mjini atapanda lori kwenda kulima kijiji kipya, ng'ambo ya Rufiji. Ukaguzi wa nyumba ulipangwa ufanyike baada ya tingatinga kupita, na ndivyo ulivyofanyika. Majirani hawakuwa na cha kuonyesha, wakapanda lori. Aliyebaki ni Eufrazia, na mganga wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kifua cha mzee hakitaiweza barabara ile. Kwa hiyo alimsubiri mkaguzi kama mtu anavyosubiri mgonjwa azinduke.

Mkaguzi, Ndugu Gaspar, alifika Jumamosi hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na suti ya mikono mifupi na viatu vipya. Alikuja akisoma kila ubao kwa sauti, akiridhika, mpaka akaugonga ukuta.

"Hodi, ndugu," Gozbert alimkumbusha.

"Hodi hapa!" Gaspar aliita, akisugua pua.

"Karibu. Karibu ndani."

Alivua viatu. Alimwamkia Albano shikamoo, akaketi mkekani. Eufrazia alikuwa amepika kisamvu cha karanga, na akiba yote ya unga ilikuwa kwenye ugali ule. Alitaka kusema neno lake pale pale, ulimi ulimwasha. Lakini kwao, huko kusini, mgeni haulizwi kitu kabla hajala na kunawa, na Eufrazia hakuwahi kuivunja desturi hiyo hata kwa mdai. Akakaa pembeni, akishika ncha ya kanga kwa vidole viwili, akihesabu matonge.

"Mama, umenishibisha," alisema Gaspar. "Mie tangu nitoke kwetu sijala kisamvu cha namna hii."

"Ongeza, baba."

"Akiongeza ataondoka lini?" alisema Albano kitandani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mie hapa nangoja kupona."

Gaspar alicheka sana, akaongeza. Eufrazia alimmiminia maji, mgeni akanawa, akafuta mikono kwa taulo safi.

"Sasa, baba," alisema Eufrazia, "nyumba umeiona."

"Nimeiona."

"Paa umeliona."

Gaspar aliinua macho. "Paa zuri. Makuti yamesukwa vizuri."

"Basi tupe kiwanja. Mzee hawezi lori. Atanifia njiani."

Gaspar alimrudishia taulo. Kilichomsumbua kilikuwa cha kweli, na Eufrazia aliona kwamba hakuwa mtu mbaya. "Mama, ubao umeandikwa uwanja. Ubao ulikwisha pitishwa. Nikisema kuna nyumba, itabidi niseme pia tingatinga halikufanya kazi, na lile limeshafanya kazi."

"Lakini umekula humu."

"Nimekula, nimeshiba, nashukuru."

Alitoka, akaketi kizingitini kufunga kamba za viatu. Alipomaliza alimwambia Gozbert, kwa sauti ya kazi, "Hapa hapana nyumba."

"Ndugu, umekikalia kizingiti chake."

"Nimekikalia, ndiyo," alisema Gaspar. Akainuka, akajipangusa vumbi, akafuata mshale.

Lori lilikuja Jumatatu. Wapakiaji walipiga hodi vizuri, wakakaribishwa, wakanywa maji, kisha wakambeba Albano. Gozbert alitoa koti lake akamfunika. Dereva aliendesha polepole kama anayepeleka mayai, kwenye kila shimo alisimama, akageuka, akauliza, "Mzee, upo?" na Albano akajibu, "Nipo, pita." Kwa wema huo alifika akiwa hai. Hakufika msimu wa kuvuna mihogo. Walimzika huko, kichwa chake juu ya foronya ya sufi, mahali ambapo hakujua mtu wala mti.

Eufrazia alipewa ekari moja kama wengine, jirani na mjane aitwaye Mwanaasha. Siku moja, wakipalilia, sauti ilipita juu ya mihogo: "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibuni," aliitika Eufrazia, bila kuinua mgongo. "Viatu acheni mlangoni. Maji yamo mtungini."

Mwanaasha alisikiliza. Zilisikika nyayo, kata ikigonga mtungi, na mtoto akisema mto ni mchafu. Kisha wakashukuru na kutoka.

"Wako wapi hao?" aliuliza.

"Mtoni. Wanatembelea kiwanda."

"Ala." Wakaendelea kupalilia.

Ikawa hivyo kila wiki, hasa Jumamosi. Kijiji kilizoea. Katika mkutano mwenyekiti aliponyanyua mkono kwamba wangoje, watu walingoja Eufrazia akaribishe wageni wake, kisha mkutano ukaendelea.

Baada ya mavuno walikuja wageni ambao hawakuondoka. Eufrazia alisimama na jembe, kwa kuwa mwenyeji haketi mgeni akiwa amesimama. Alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, misumari ikigongwa ukutani, redio ikiwashwa na kutafutwa stesheni. Jua lilifika utosini, likapita.

"Bado wamo?" aliuliza Mwanaasha.

"Wameingiza kitanda."

Asubuhi ya pili yake, umande haujakauka, hodi ilipigwa tena. Ilikuwa sauti ya mwanamume, yenye haraka. "Hodi! Hapa ndipo kwa Ndugu Gaspar?"

Mwanaasha, aliyekwisha kusimuliwa habari za mkaguzi huyo, aliweka jembe chini. "Nyamaza tu, shoga. Asikie ukimya."

Eufrazia alikaza kanga kiunoni. Alifikiri habari hiyo kwa muda, akitazama udongo.

"Ndipo," aliitika. "Karibu, baba, yumo ndani." Kisha akamgeukia mwenzake. "Huyo aliye mlangoni amekosa nini, hata aachwe juani?"