Mkato Baada ya Kinyua

Jumatatu asubuhi, wiki ya pili ya Agosti mwaka wa hamsini na sita, Wacera alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yao katika laini za wafanyakazi wa majani chai, akimsugua binti yake visigino kwa jiwe. Nyathira, mwenye miaka saba, alikuwa tayari amefunga mzigo wake. Juu ya blanketi aliweka sweta ya kijivu iliyotoboka kiwiko.

"Hiyo ya baba unapeleka wapi?"

"Si tunaenda kambi? Na baba si yuko kambi?"

Wacera aliliweka jiwe chini. Mumewe, Danson Kinyua, alikuwa fundi wa mashine kiwandani hadi mwaka wa hamsini na nne. Siku moja Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilipanda lori, ikafika Kericho, ikamchukua na ovaroli yake. Tangu hapo alikuwa kambini, huko kwenye mchanga, akingojewa aungame kiapo cha waasi wa msituni ambacho hakuwahi kula. Aliyeungama alitoka. Asiyekuwa na la kuungama alikaa.

Sasa misheni nayo ilikuwa imefungua kambi, ya watoto, wiki moja ya nyimbo na Biblia kando ya msitu kule Kimulot, na Wacera alikuwa ameitwa kupika uji. Wiki iliyotangulia alimuuliza Mwalimu Zacheus wa masomo ya jioni kama hakuna neno lingine. Mwalimu alipekua kamusi, akaifunga.

"Kambi ni kambi, Mama Nyathira. Kiswahili haikutuwekea ingine."

Wacera akaichukua ile sweta, akaikunja upya. "Iweke chini ya blanketi," alimwambia mtoto. "Isinyeshewe."

Kambini walikuta mahema sita, watoto sitini, na mzungu mmoja mwembamba aliyetumwa kutoka ng'ambo kupiga filamu ya watoto wa majani chai wakimpokea Yesu. Watoto walimwita Bwana Picha, naye aliitika.

Mambo yalianza kwenye rejista. Mke wa mishonari aliipiga chapa kwa desturi ya kwao, jina la baba mbele, halafu mkato, halafu jina la mtoto. Johana mwinjilisti, aliyefundishwa kusoma na watu wakali, alijua kwamba penye mkato mtu hupumua. Kwa hiyo alisimama mbele ya mistari ya watoto, akasoma:

"Kinyua." Akapumua.

"Niko, bwana!" akaitika Danson.

Alikuwa amechuchumaa mwisho wa mstari, mikono kichwani, kaptura nyeupe, bati la namba kwenye kifundo cha mkono.

"Nyathira," Johana akamalizia.

"Niko," akasema Nyathira, akasogea kumpisha baba yake nafasi.

Johana alihesabu vichwa, akapata sitini na mmoja. Akalamba ncha ya penseli, akarekebisha.

Jikoni, mpishi mwenzake, Chepkemboi wa Kiptere, aliacha kukoroga. "Wacera, ule mtu mkubwa ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi ongeza maji. Huyo anakunywa ya watoto wanne."

Wacera alimpelekea uji mwenyewe. Alimwangalia akinywa, akaona mifupa ya mabega, akamwongezea.

"Umekujaje?"

"Niliitwa," Danson akasema. "Kule tunaitwa namba. Nikasikia jina langu. Nikafikiri mambo imebadilika."

"Basi kaa."

"Saa kumi na moja wanahesabu tena. Nikikosa, watu wa kibanda changu wananyimwa maji."

Ilipokaribia saa kumi na moja, Danson alivaa sweta, akapitia nyuma ya hema la mwisho, na hakutokea upande wa pili.

Kesho yake akaitwa tena, akaja tena. Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi aliimba na watoto, adhuhuri aliziba bomba la maji lililokuwa likivuja, na mvua ya alasiri ilipomwaga mawe yake ya barafu, alikaa hemani na Nyathira mapajani. Aliyelalamika ni Bwana Picha peke yake. Alimnong'oneza Johana, na Johana akaja na ujumbe.

"Ndugu Kinyua, Bwana anasema unaharibu picha. Anauliza kama unaweza kuwa mfupi."

Danson alichuchumaa. Alichuchumaa vizuri kuliko watoto wote, maana alikuwa na mazoezi ya miaka miwili. Bwana Picha aliinua dole gumba.

Kazi ngumu ilikuwa maungamo. Filamu ilihitaji machozi, na watoto hawakuwa na dhambi za kutosha. Jumatano msichana mmoja aliungama kwamba aliiba sukari, na mke wa mishonari akalia. Kuona hivyo, wengine wakaiazima dhambi hiyo. Kufikia Alhamisi watoto arobaini walikuwa wameiba sukari ileile kwenye kopo lilelile. Kipsang, mtoto wa Chepkemboi, akachoshwa na sukari, akasimama mbele ya kamera na kuungama kwamba aliua chui wa mtu.

"Muongo wewe!" mama yake alipiga kelele kutoka jikoni, mwiko juu. "Hata kuku inakukimbiza!"

Kila aliyeungama alipewa kadi. Nyathira alileta yake jikoni, na Wacera akaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno: *Ameungama. Amesamehewa. Aende nyumbani kwa amani.* Alimfuata Johana akiwa bado na unga mikononi.

"Mwinjilisti, hii kadi inafaa mtu mzima?"

Johana aliigeuza mbele na nyuma. "Haijaandikwa umri."

Ijumaa, Danson alipanga foleni kati ya Nyathira na Kipsang, magoti yake karibu na masikio. Zamu yake ilipofika aliitazama kamera.

"Niliiba sukari," alisema.

Bwana Picha aliashiria aendelee. Danson alifikiri.

"Na ile siku ya lori, nilimwambia mtoto nitarudi jioni."

Bwana Picha, ambaye hakujua Kiswahili, alifuta macho kwa mkono mmoja huku wa pili ukizungusha kamera. Johana alitia sahihi kadi. Saa kumi na moja Danson aliondoka nayo mfukoni mwa kaptura, na kwa mara ya kwanza Wacera alisahau kumpungia. Alikuwa tayari anafikiria mahali pa kupanua kitanda.

Filamu ilikwenda ng'ambo, ikarudi Novemba. Ilionyeshwa jua likitua, kwenye shuka lililotundikwa ukutani pa kiwanda. Sauti ilisema Kiingereza, na Johana akatafsiri kwamba watoto hawa hawana shida yoyote duniani. Danson alipotokea, wachuma chai walipiga makofi. Ilisemekana kwamba huko ng'ambo kulikuwa na makanisa matatu yaliyokuwa yakimwombea yule mtoto mwenye ndevu.

Desemba barua ikaja kutoka kwa bwana wa kambi ile nyingine. Wacera aliisoma peke yake, mwanzo hadi mwisho, na hii ilikuwa barua ya kwanza kuisoma bila kusaidiwa. Ilisema kadi imekaguliwa na ni halali. Filamu pia ni halali. Maofisa waliitazama katika klabu yao na kuifurahia. Lakini mfungwa ameungama sukari, si kiapo. Tena hajawahi kukosa hesabu hata siku moja, kwa hiyo hakuwa Kimulot. Ataendelea kuwekwa.

Wacera alilia kiasi. Kisha alinawa uso, akafunga kitambaa, akaenda kwa Johana.

"Shule ya Jumapili iko na rejista?"

"Iko."

"Iandikwe kama ile ya mke wa mishonari. Na ukifika kwa mkato, usipumue haraka."

Tangu hapo Danson alikuja kila Jumapili. Alitengeneza bawaba ya mlango, akapanda viazi nyuma ya laini, akamfundisha Nyathira kupiga mluzi. Majirani walimzoea, walimletea saa zilizokufa na baiskeli zilizopinda, na Mosoti, nyapara wa shamba, aliyekuwa mtu wa kufuata saa, alijitwika kazi ya kumkumbusha saa ya kuhesabiwa kambini.

Jumapili moja mazungumzo yalinoga. Wacera alikuwa akiwafungia watu wa kibanda cha mumewe viazi vitamu kwenye jani la mgomba, Chepkemboi akisimulia habari za chui wa mtoto wake, na Danson alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mosoti akatokea kwenye kona, anahema, saa mkononi.

"Kinyua! Kumi na moja kasoro dakika moja! Wewe unataka kuchelewa kufungwa?"

"Ai, pole, nyapara," akasema Danson. Akanyakua viazi, akakimbia.